Gari Lililotangulia Ukunguni

Mwili wa Hezekiah Mwangangi ulikuwa umelala ubavu kando ya Barabara ya Ngong, karibu na vitalu vya miche upande wa Karen. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Kingine kilikuwa kimerushwa hadi katikati ya vyungu vya maua. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa Julai. Jua lilikuwa limeshachomoza, lakini ukungu wa msimu wa baridi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami, na polisi waliofunga barabara walionekana kama vivuli.

Inspekta Nzula Kitavi alichuchumaa. Mfukoni mwa shati la marehemu mlikuwa na penseli nene ya useremala. Pembeni palikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake joho la kwaya lililopigwa pasi na kukunjwa kwa uangalifu.

"Alikuwa anaenda kuimba," alisema Konstebo Mwongeli, msaidizi wake.

Nzula hakuinua macho. Alikuwa akiangalia lami.

Daktari wa polisi alieleza kwamba marehemu aligongwa na sehemu ya mbele ya gari lililokuwa kasi sana, akabebwa juu ya boneti, akatupwa. Hakuishi zaidi ya dakika chache. Hapakuwa na vioo vilivyovunjika wala kipande cha taa. Palikuwa na alama za breki tu, nyeusi na fupi, na jambo moja kuhusu alama hizo lilimkera Nzula: ziliishia kabla ya mahali damu ilipoanzia. Gari lililofunga breki lilisimama kabla ya kumfikia mtu aliyelala chini.

Shahidi alikuwa mmoja, mwanamke aitwaye Caren aliyeuza miche hapo. Hakuona chochote kwa sababu ya ukungu. Alisikia tu.

"Ulisikia nini kwanza?" Nzula alimwuliza.

"Kishindo. Kama mtu ameangusha gunia la mbolea. Ndio nikasikia ile gari ya kunguruma ikikuja, bado iko nyuma kiasi. Ikafunga breki. Mlango ukafunguka. Mtu akaongea kidogo, sijui na nani. Halafu ikaenda."

"Una uhakika kishindo kilitangulia?"

"Madam, nilikuwa nimeshika mche wa parachichi. Nikauangusha kwa sababu ya kile kishindo. Wakati gari inafika nilikuwa nimeshainama kuuokota."

Kutoka hapo Nzula alikwenda mwenyewe Dagoretti Corner, kwenye karakana ya samani ambayo Hezekiah aliiendesha pamoja na mkewe Kamene. Alimkuta akipiga msasa ubao wa kitanda cha mteja. Alipoambiwa, hakupiga kelele. Aliweka msasa chini, akafuta vumbi mikononi, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Nzula alimwambia kwamba bado hajui. Akamwahidi kwamba siku atakapomletea jina, litakuwa jina la kweli na si la kubahatisha.

Jina la kwanza lilijileta lenyewe saa chache baadaye. Kijana mmoja wa miaka ya thelathini hivi, Lenox Mwaura, aliingia kituoni akiwa na funguo za gari mkononi. Akaziweka mezani, akasema ni yeye aliyemgonga yule mtu.

Gari lake lilikuwa nje: saluni nyekundu ya petroli, ya milango minne, yenye injini ya kutosha gari la mashindano. Bampa lilikuwa limebonyea upande wa kushoto na taa moja ilikuwa na ufa.

Nzula alimkalisha, akawasha kinasa sauti.

"Ulimgonga saa ngapi?"

"Asubuhi. Kulikuwa kumepambazuka."

"Alikuwa anavuka kutoka upande gani?"

"Kushoto. Hapana, kulia. Sikumwona vizuri."

"Ulisimama?"

"Nilisimama. Nikashuka. Nikaona amekufa, nikaogopa."

"Uliongea na nani?"

Lenox aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Sikuongea na mtu."

"Kuna mtu alikusikia."

"Labda nilikuwa naomba."

Mkuu wa Nzula alifurahi. Kesi ya mtu kugongwa na dereva kukimbia, na kabla ya chakula cha mchana mshukiwa amekiri. Alisema kijana angefikishwa mahakamani mwisho wa juma. Nzula akamwomba asubiri matokeo ya maabara, na mkuu akakubali kwa shingo upande.

Maabara ilileta majibu ya ajabu. Kwenye bampa lile jekundu hapakuwa na damu, wala uzi wa nguo, wala unywele. Palikuwa na chembe za saruji na rangi nyeupe ya ukuta. Gari lile liligonga nguzo ya lango, au liligongeshwa.

Kisha zikaja picha za kamera iliyo kwenye taa za barabarani karibu na maduka ya Karen, kiasi cha mita mia tatu kutoka mahali pa ajali. Katika ukungu yalionekana magari mawili yamesimama sambamba, yakisubiri taa ya kijani. Moja jekundu. La pili lilikuwa la kijivu, refu na la chini, umbo lake likiteleza kama samaki. Nambari zake hazikusomeka. Taa ilipobadilika, ukungu uliyameza yote mawili kwa pamoja.

Mwongeli aliitambua ile saluni ya kijivu. Ilikuwa ya umeme, toleo la kasi, na zilizosajiliwa nchini zilikuwa chache mno. Jioni ile ile walikuwa na orodha ya wamiliki mezani. Mmoja aliitwa Ephantus Mwaura, mkazi wa Karen.

"Babake Lenox," Mwongeli alisema polepole.

Asubuhi iliyofuata walikwenda nyumbani kwake na amri ya mahakama. Ephantus alikuwa mzee mrefu, mwenye majumba ya kupangisha, mzee wa kanisa, mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema gari halikutoka Jumapili. Alisema ule ubonyeo mdogo kwenye boneti uliletwa na tawi lililoanguka wakati wa upepo. Aliwasihi waongee kwa sauti ya chini kwa sababu mke wake alikuwa amelala ghorofani, hajisikii vizuri. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa kila pembe.

Nzula alirudi kwa Lenox.

"Lile gari la kijivu ni la baba yako. Nani aliliendesha?"

Kijana akasema liliazimwa na rafiki yake, ambaye hatamtaja. Walikuwa wakishindana tu kutoka kwenye taa. Akakubali hilo. Lakini akashikilia neno moja: yeye ndiye aliyekuwa mbele.

"Gari langu ndilo kali," alisema. "Nyumbani tumebishana miezi mingapi juu ya haya magari mawili, lipi linachomoka haraka. Nilimwacha kwenye taa. Nilimgonga mtu nikiwa mbele, na yeye akapita tu."

"Una hakika ulikuwa mbele?"

"Nina hakika."

Basi kesi nzima ikasimama juu ya swali ambalo vijana hubishania kwenye meza za nyama choma. Magari mawili yakianza pamoja kutoka kusimama, lipi litakuwa limetangulia baada ya mita mia tatu? Nzula hakuwa mpenzi wa magari. Lake lilikuwa dogo na la zamani, na lilipanda kilima likikohoa. Lakini aliona kwamba hapa palikuwa na jambo linaloweza kupimwa, na kinachoweza kupimwa hakibembelezwi.

Aliomba kutumia kipande cha barabara mpya nje ya Ngong ambacho kilikuwa hakijafunguliwa. Mkuu wake alikuja mwenyewe. Lenox aliletwa akiwa na pingu. Dereva mmoja wa polisi aliingia kwenye gari jekundu, Mwongeli kwenye la kijivu, na Nzula akasimama penye alama ya mita mia tatu akiwa ameinua kamera.

Jekundu lilinguruma mpaka kokoto zikatetemeka. Bendera ilishushwa. Lilichomoka likiacha harufu ya mpira, na lilipompita Nzula lile la kijivu lilikuwa nyuma yake kwa urefu wa magari kadhaa. Wakarudia. Wakabadilishana madereva, wakarudia tena. Kila mara jekundu lilitangulia.

"Umeridhika?" mkuu aliuliza.

Nzula alikuwa akimtazama Lenox. Alitarajia kumwona kijana anayeringia gari lake. Badala yake aliona mtu aliyeshusha mabega na kupumua kama mgonjwa aliyeambiwa hatapasuliwa.

"Bado, afande," alisema.

Mkuu alimwambia kwamba angempa siku mbili, kisha faili liende kwa mwendesha mashtaka kama lilivyo.

Njiani kurudi mjini Nzula alimwuliza Mwongeli gari la kijivu lilikuwaje kuendesha. Mwongeli alifikiri. Alisema lilikuwa laini mno. Hata alipokanyaga mpaka sakafuni, liliondoka kama limebeba mayai. Nzula akamwambia asimamishe gari hapo hapo, karibu na Adams Arcade, akapiga simu kwa kampuni iliyouza lile gari.

Aliyepokea aliitwa Janice, mfanyakazi aliyekuwa akiwafundisha wateja. Aliposikia jinsi lilivyopimwa alicheka, kisha akaomba radhi. Alieleza kwamba kila linapozimwa, gari lile hurudi lenyewe kwenye mwendo wa utulivu. Nguvu zake zote zimefungwa. Anayezitaka lazima aguse kioo cha skrini kilicho mbele ya dereva, afungue ukurasa uliojificha, akubali onyo, akanyage breki na pedali ya mwendo kwa pamoja, ndipo aachilie breki.

"Dereva anaweza kufanya hivyo kwa bahati mbaya?" Nzula aliuliza.

"Hapana, Madam. Mpaka akusudie. Na mpaka awe amefundishwa."

Kesho yake walirudi kwenye ile barabara, Janice akiwa nao. Safari hii aligusa kioo, akamwonyesha Mwongeli, akashuka.

Bendera ilishushwa. Hapakuwa na sauti. Nzula aliona tu kitu cha kijivu kikikua machoni pake, na upepo ukampiga usoni kabla hajawa tayari. Baadaye kidogo jekundu likapita likinguruma, likiwa limeachwa nyuma waziwazi. Magurudumu yake yalikuwa yamepoteza muda yakisaga lami wakati lile jingine limeshaondoka. Wakarudia. Wakamwaga maji barabarani ili ifanane na lami yenye unyevu wa ukungu ya ile Jumapili, na pengo likawa kubwa zaidi.

Lenox alikuwa ameinamisha kichwa.

Nzula alimsogelea. Alimwambia kwamba Caren alisikia sawasawa. Kishindo kilitangulia kwa sababu gari lililomgonga Hezekiah halikuwa na mlio. Ngurumo ilikuja nyuma na kufunga breki kabla ya kumfikia. Aliyekuwa nyuma ni Lenox.

"Nani alikuwa mbele?"

"Ni mimi nilimuua," kijana alisema. "Andika tu hivyo. Hata ukipima mara mia, ni mimi."

Habari zilimfikia Ephantus kupitia wakili wa mwanawe. Kabla ya saa kumi alikuwa ofisini kwa Nzula katikati ya jiji, kofia mkononi. Alisema amechoka kudanganya. Yeye ndiye aliyeendesha gari la kijivu. Mwanawe alikuwa anamkinga. Wamwachilie kijana, wamfunge yeye.

Maelezo yake yalikuwa yamenyooka. Yalikuwa na taa, ukungu, kishindo, hofu. Mkuu alimtazama Nzula kama anayesema, haya, umeshinda. Lakini Nzula alikuwa na ahadi Dagoretti Corner, na katika juma moja alikuwa ameshaletewa majina mawili na watu waliojitolea.

"Mzee, twende chini kidogo," alisema.

Gari la kijivu lilikuwa uani. Nzula alimfungulia mlango wa dereva. Ephantus aliingia kwa shida, magoti yakigusa usukani.

"Liondoe kama ulivyoliondoa Jumapili. Sio lazima liende. Nionyeshe tu ulifanya nini kwenye taa."

Mzee alishika usukani. Akakanyaga breki. Akangoja.

"Nilikanyaga tu."

"Ukikanyaga tu, mwanao anakuacha. Tumepima. Ulifanya nini kingine?"

Ephantus alikitazama kioo kikubwa kilichokuwa mbele yake. Alinyoosha kidole, redio ikawaka. Akakigusa tena, ikatokea ramani. Kidole kilibaki hewani.

"Mzee," Nzula alisema kwa upole, "nyumbani kwako nani huendesha hili gari?"

Alishusha mkono. Alipoongea tena, sauti ya mzee wa kanisa ilikuwa imekwisha.

"Ana moyo mbovu, Madam. Daktari alisema asishtuliwe. Ukienda kumwambia, utakuwa umemuua."

Nzula alimwita daktari wa polisi afuatane naye. Kisha akaenda Karen.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye sweta na kitambaa kichwani, alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi akimimina supu kwenye chupa ya chai. Alikuwa Mwihaki, mke wa Ephantus, mwalimu mkuu mstaafu. Aliwakaribisha, akaomba radhi kwa kupokea wageni jikoni.

"Hiyo supu ni ya nani, mama?"

"Ya mgonjwa wetu. Mzee humpelekea kila siku hospitali. Anasema tangu jana anaweza kukaa mwenyewe kitandani." Alifunga kifuniko kwa nguvu. "Nyinyi ndio mnashughulikia ile ajali? Nimekuwa nikiwangoja. Niliwaambia watu wangu nitaandikisha taarifa, wakaniambia mpaka nipate nafuu."

Nzula alivuta kiti. "Kaa kwanza, mama."

"Hapana. Katika nyumba hii kila anayetaka kunidanganya hunikalisha kwanza."

"Hezekiah Mwangangi alifariki pale pale barabarani. Jumapili."

Mwihaki aliitazama ile chupa.

"Na mwanao Lenox hayuko safarini. Yuko rumande. Amesema ni yeye aliyemgonga. Leo mumeo naye amesema ni yeye."

Daktari alisogea hatua moja mbele. Mwihaki alimzuia kwa kiganja, akageuka, akazima gesi.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa peke yangu ndani ya gari. Andika."

Alisimulia akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa sinki. Alisema maisha yake yote aliendesha polepole, na nyumbani waliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Walimwita Kobe. Mume wake na mwanawe walimwita hivyo mbele ya wageni, mbele ya walimu wake wa zamani, hata mbele ya mchungaji. Walipokwenda kununua lile gari la umeme, mzee alilitaka kwa sababu majirani wanayo ya aina hiyo. Yeye ndiye aliyekaa na yule msichana Janice alasiri nzima akijifunza. Hakumwambia mtu alichojifunza. Mezani Lenox alikuwa akijigamba kwamba saluni yake nyekundu itaiacha ile ya kijivu kama imesimama, naye alikuwa akiwapakulia chakula na kunyamaza.

Jumapili ile walikuwa wakienda ibada ya asubuhi mjini, yeye na Lenox kila mmoja na gari lake. Ephantus alikuwa ametangulia kwa lifti ya mzee mwenzake. Kwenye taa, Lenox alisimama kando yake, akashusha kioo, akangurumisha injini.

"Akaniambia, 'Kobe, leo utakula moshi.' Nikagusa kile kioo cha skrini. Nilitaka anione mgongo, mara moja tu katika maisha yangu."

"Ukungu uliuona?"

"Niliuona. Nilijua siwezi kuona mbele. Nilikanyaga hata hivyo, na nilikuwa ninacheka." Aliisogeza ile chupa pembeni. "Nilikuwa bado ninacheka nilipomgonga."

Alisimamisha gari mbele zaidi. Kabla hajashuka, simu ililia. Lenox alimwambia aende nyumbani, mtu anapumua, atampeleka hospitali mwenyewe. Akaamini. Aliamini kwa sababu hakuweza kustahimili kutoamini. Hilo pia alitaka liandikwe.

Nzula alilijua lililobaki, na Lenox alilithibitisha jioni ile. Alipiga simu akiwa amepiga magoti kando ya mtu ambaye tayari alikuwa ameshakufa. Kisha akaenda kugongesha gari lake kwenye nguzo ya lango. Alimwambia Nzula kwamba mama yake aliendesha polepole miaka yote, na siku pekee aliyokimbia ni siku aliyochokozwa. Kwa hesabu yake, mwuaji alikuwa yeye. Ephantus naye alikiri kwamba ndiye aliyetunga habari za hospitali. Kila siku aliibeba ile supu, akaimwaga kwenye mtaro kabla ya kufika barabara kuu, kwa sababu alikuwa ameshikwa na woga, alisema, woga wa kurudi jioni na kukuta nyumba haina mtu.

Mwihaki alivaa koti lake, akauliza kama angeruhusiwa kubeba dawa za moyo. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari la polisi. Alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo. Mwanawe na mumewe walishtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi.

Jioni ya siku waliyoshtakiwa, Nzula alifika Dagoretti Corner kabla mafundi hawajafunga. Kile kitanda cha mteja kilikuwa kimekamilika, kinasubiri kuchukuliwa. Kamene alimpa kigoda. Inspekta akamwambia jina, akamwambia na jinsi lilivyopatikana, kuanzia kwenye taa hadi jikoni. Hakumficha kitu, hata kile kicheko.

Kamene alisikiliza akiwa ameangalia mikono yake.

"Huyo mama anajua kwamba Hezekiah alikuwa na jina?"

"Sasa anajua. Aliniomba nimwandikie, akalikariri."

"Aliomba msamaha?"

"Alitaka kuja. Nilimwambia hiyo si juu yangu wala si juu yake. Ni juu yako."

Nje, watu walikuwa wakishuka kwenye kituo cha basi na kukimbilia nyumbani kabla ya baridi. Kamene aliinuka, akachukua kitambaa cheusi alichokuwa ametundika mlangoni, akakikung'uta vumbi la mbao.

"Kesi inasikilizwa lini?"

Nzula akamwambia.

"Nitakuja," Kamene alisema. "Nitakaa mbele kabisa. Asinitumie mtu, wala wakili, wala mchungaji. Anitazame, aniambie mwenyewe. Nikishamsikia, ndio nitajua kama nina neno la kumjibu."